Je, wajua kwa nini msitu wa Machame haufanani na wa Rongai?

Kilimanjaro ni mlima mmoja. Udongo wake wote umetokana na volkano, na malango ya njia za kupandia za Machame na Rongai yote yako kati ya mita 1,800 na 2,000 hivi kutoka usawa wa bahari. Hata hivyo, ukipandia Machame, upande wa kusi, unakanyaga tope chini ya miseri mikubwa (huko Usambara wanaiita mikulo), makangaga marefu kama miti, na matawi yaliyovikwa ndevu za kijani. Ukipandia Rongai, upande wa kaskazini, nje ya mashamba ya misonobari yaliyopandwa na watu, msitu wa asili ni wa mierezi na mizeituni mwitu. Vumbi linapanda na jua linafika mpaka chini.

Tofauti hiyo inaanzia baharini. Kuanzia masika upepo wa kusi unaleta hewa yenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi. Ikigonga mlima inalazimika kupanda, na kila mita 100 joto hupungua kwa takriban nyuzi 0.6. Hewa baridi haiwezi kubeba mvuke mwingi, kwa hiyo mawingu yanafungamana na mvua inamwagwa upande wa kusi. Moshi mjini hupata milimita zisizozidi 900 hivi kwa mwaka, lakini msitu wa juu yake, kwenye mita 2,000 hadi 2,300, hupata kati ya 2,000 na 3,000. Hewa inayovuka kwenda kaskazini imeshakamuliwa, na inaposhuka inapata joto na kuzidi kukauka. Upande wa Rongai hubaki na chini ya nusu ya mvua ya Machame.

Mlima Meru unafanya vivyo hivyo. Aliyepanda gari Arusha kwenda Namanga ameliona hilo dirishani: Ngaramtoni kijani kibichi, migomba na kahawa, ukikaribia Oldonyo Sambu, migunga na nyasi kavu.

Lakini jumla ya milimita za mwaka inaweza kukudanganya. Mti haunywi wastani wa mwaka. Unachouliza ni urefu wa kiangazi. Katika misitu ya joto, mwezi unaopata chini ya milimita 100 hivi huhesabiwa kuwa mkavu, kwa sababu majani na ardhi hupoteza karibu kiasi hicho cha maji. Miezi miwili mikavu ikifuatana, mti wenye mizizi mirefu unavumilia. Ikifika mitano au sita, mambo hubadilika ndani ya shina lenyewe. Maji hupanda kwenye mirija myembamba kwa kuvutwa na majani. Udongo ukikauka, mvuto unazidi mpaka viputo vya hewa vinaingia kwenye mirija, na mrija wenye kiputo haupitishi maji tena. Miti yenye mirija mipana hukua haraka maji yakiwapo, ila ndiyo inayoathirika kwanza. Mwerezi una mirija myembamba sana na majani madogo kama magamba: unakua polepole, lakini unadumu pale ambapo mseri ungekauka kuanzia matawi ya juu.

Kwa hiyo ukame ni mchujo. Hauzuii miti kuwapo. Unapunguza orodha ya aina zinazoweza kuishi mahali hapo.

Ushahidi mzuri uko karibu na Moshi mjini, kwenye msitu wa Rau. Kwa mvua ya pale peke yake, ungetarajia vichaka na migunga. Badala yake kuna mivule mikubwa na msoo, mti adimu sana duniani ambao Rau ni miongoni mwa makao yake machache. Siri ni maji ya chini ya ardhi. Mvua iliyonyesha kwenye msitu wa juu inazama katika miamba ya volkano na kutokeza tena chini kama chemchemi. Mito ya Rau na Njoro inayotokana na maji hayo ndiyo inayomwagilia mpunga wa Lower Moshi, huko Mabogini na Chekereni. Msitu wa Rau unaishi kwa hali ya hewa ya mahali pengine, na ndiyo maana kuangalia kipimo cha mvua cha mjini hakutakueleza miti yake.

Mchujo wa pili ni baridi. Wastani wa joto Moshi ni kama nyuzi 23. Kwenye mita 3,000 umeshuka hadi kama 10, na usiku jalidi huanguka. Familia nyingi za miti zilizaliwa kwenye joto na hazijawahi kupata kinga dhidi ya kuganda kwa maji ndani ya seli. Kila unapopanda, familia kadhaa zinabaki nyuma. Kwenye mabonde yenye kina upande wa kusi, kati ya mita 1,400 na 2,000 hivi, bado unakuta mkukusu. Mkukusu mmoja wa Kilimanjaro uliopimwa na kutangazwa mwaka 2016 ulifikia mita 81.5, mti wa asili mrefu kuliko yote inayojulikana Afrika. Una joto la kutosha, maji mwaka mzima, udongo wa volkano na bonde la kuukinga na upepo. Ondoa kimojawapo tu na hautafika hapo. Juu zaidi msitu unakuwa wa mipodo, kisha erika, na miti inazidi kuwa mifupi. Majani yaliyoanguka huoza polepole kwenye baridi, hivyo rutuba inafungiwa ndani ya takataka za msitu, na ukungu wa kila siku unapunguza mwanga.

Hapa watu wengi huchanganya mambo mawili: wingi wa miti na wingi wa aina. Kichaka cha erika kinaweza kuwa na mashina mengi kuliko msitu wa mkukusu kwenye eneo lile lile, na yote yakawa ya aina moja au mbili. Duniani ni hivyo hivyo. Makadirio ya mwaka 2015 yalitaja miti takriban trilioni 3, na sehemu zenye msongamano mkubwa kuliko zote zinapatikana kwenye misitu ya baridi ya kaskazini ya dunia, yenye aina chache tu. Makadirio ya mwaka 2022 yalitaja aina za miti zipatazo 73,000, na nyingi mno ziko kwenye nchi za joto.

Kwa nini joto na mvua huzaa aina nyingi, badala ya kuuachia mti mmoja hodari utawale? Jibu moja lilitolewa na wanaikolojia Daniel Janzen mwaka 1970 na Joseph Connell mwaka 1971. Pasipo baridi wala kiangazi kikali, wadudu na kuvu hawapati likizo. Mbegu nyingi huanguka chini ya mti mama, na adui wa aina hiyo tayari yupo pale anasubiri. Mkulima yeyote aliyepanda mahindi matupu ekari nzima akavamiwa na viwavijeshi anaelewa. Miche inayopona ni ile iliyopelekwa mbali na ndege au popo, na nafasi chini ya mama inachukuliwa na aina nyingine. Si jibu pekee, lakini ndilo ninaloliona lina nguvu zaidi kwa msitu kama wa Machame.

Ukitaka kulinganisha misitu miwili mwenyewe, omba kibali kwanza, kisha pima kipande cha mita 20 kwa 50, yaani sehemu ya kumi ya hekta. Kwenye mteremko ndipo wengi hukosea: mita hizo hupimwa kwa usawa, kama kwenye ramani, kwa hiyo kwenye mteremko wa nyuzi 30, mita 20 zinakuwa 23.1 ukivuta kamba ardhini. Pima mzingo wa kila shina kwenye kimo cha mita 1.3, ukisimama upande wa juu wa mteremko, na uandike yale yenye mzingo wa sentimita 31.4 au zaidi (ndiyo kipenyo cha sentimita 10). Mti wenye mbawa za mizizi hupimwa juu ya mbawa. Uliogawanyika chini ya kimo hicho huandikwa mashina mawili. Mwishoni usilinganishe hesabu ghafi za aina, kwa sababu anayehesabu mashina 90 atakuta aina nyingi kuliko aliyehesabu 40 hata kama misitu ni sawa. Chagua mashina 40 kwa bahati nasibu kutoka kwenye yale 90, rudia mara nyingi, kisha tumia wastani.

Wala usitegemee hali ya hewa ieleze kila kitu. Meru ina ukanda wa mianzi. Kilimanjaro upande wa kusi hauna, ingawa mvua na baridi vinafaa kabisa.

Huko juu, hali ya hewa huingia zaidi kwa mkono wa moto. Kiangazi kinachotangulia vuli ndicho cha hatari: mioto mikubwa ya Kilimanjaro ya 2020 na 2022 yote iliwaka Oktoba. Tangu 1976 moto umekwisha kufuta zaidi ya hekta 10,000 za msitu wa juu. Erika huwaka vizuri hata ikiwa mbichi, kisha hurudi haraka, nyingine kwa kuchipua shinani na nyingine kwa mbegu ndogo zinazopeperushwa. Mche wa mpodo ukiungua umekwisha, na moto ukirudi kabla miche mipya haijawa miti, eneo lililokuwa msitu wa mipodo linabaki kichaka cha erika. Kichaka hicho kifupi hukamata ukungu mchache kuliko msitu mrefu, kwa hiyo maji yanayodondoka ardhini kutoka mawinguni nayo hupungua, na kiangazi kinachofuata kinakuta udongo umekauka zaidi.