Hilux Iliyofungwa Injini ya Dizeli Inapokata Mafuta: Anzia Kwenye Tangi

Gari lililobadilishwa injini likianza kukosa nguvu, wa kwanza kubeba lawama ni pampu inayosukuma dizeli kwenda kwenye nozeli. Wengi wanaoniletea pikapu za aina hii wanafika pampu ikiwa imeshafunguliwa, imeshapelekwa kwa fundi pampu, imepimwa kwenye benchi, imerudishwa, pesa imelipwa, na gari bado linakata. Pesa hiyo inauma, maana mara nyingi pampu ile haikuwa na kosa lolote.

Chukua mfano wa Hilux iliyotoka kiwandani na injini ya petroli 3RZ-FE, ile ya lita 2.7 yenye EFI (mfumo wa kupuliza petroli unaoongozwa kwa umeme), kisha ikafungwa 3L ya dizeli, lita 2.8. Mwenye gari anataka kupunguza gharama ya mafuta na kupata injini ambayo fundi wa mji wowote anaijua. Uamuzi mzuri kabisa. Ila fundi aliyeifunga alihangaika na mauntingi (vishikio vya injini), giaboksi na nyaya, na kwenye mafuta akaunganisha mpira na klipu palepale mabomba ya zamani yalipoishia. Mbele gari ni la dizeli, nyuma tangi bado ni la petroli.

Kwenye EFI, pampu ya umeme iko ndani ya tangi na inasukuma petroli kwenda mbele kwa presha ya karibu bar 3. 3L haina kitu kama hicho. Ndani ya pampu yake ya kuzunguka, ile ya aina ya VE, kuna kipampu kidogo cha mapanga ambacho kinanyonya dizeli kutoka tangini kupitia kwenye chujio. Kwa hiyo bomba lililozoea kusukumiwa sasa linanyonywa. Bomba la kusukumiwa likiwa na ufa litavuja, utaona unyevu na kusikia harufu. La kunyonywa linaweza lisitoe hata tone, likabaki linaingiza hewa tu, kama mrija wa soda wenye tundu. Ndiyo maana mteja anakuapia kwamba amelala chini ya gari na hakuona mahali panapovuja, na anasema kweli.

Kabla sijashika spana huwa nauliza linakata wakati gani. Likisumbua kuwaka asubuhi, likahitaji kupampiwa kwa mkono kwenye chujio ndipo liwake, usiku kucha dizeli imerudi tangini na hewa imeshika nafasi yake: tafuta panapoingia hewa. Likiwaka vizuri, likatembea mjini bila shida, halafu likaishiwa nguvu likiwa na mzigo kwenye mlima wa Kitonga, hapo fikiria kuziba, kwa sababu mlimani injini inadai mafuta mengi kuliko yanayoweza kupita. Likifa baada ya mwendo mrefu, ukilisimamisha likapumzika kisha likawaka tena kama si lenyewe, fungua kifuniko cha tangi na usikilize. Ukisikia linavuta pumzi kwa nguvu, tangi lilikuwa limenyimwa hewa.

Angalia moshi pia. Injini iliyonyimwa dizeli haitoi moshi mweusi inapolemewa. Ukiona moshi mzito mweusi mlimani, dizeli inafika, na shida yako iko kwenye hewa ambayo injini inavuta kuunguzia, au kwenye nozeli zinazopuliza dizeli ndani ya injini.

Kisha nafanya kipimo ambacho ningeomba kila fundi akifanye kabla ya kugusa pampu. Nachukua dumu la dizeli safi, nalifunga imara kwenye bodi nyuma ya kabini, natoa mpira mpya mmoja kutoka kwenye dumu hadi kwenye chujio jipya na kuingia kwenye pampu, na mpira wa marejeo, ule unaorudisha dizeli iliyozidi, naurudisha kwenye dumu lilelile. Tangi na mabomba yote ya gari yamewekwa pembeni. Natoa upepo uliobaki kwenye mipira, nawasha, tunapanda mlima na mzigo. Gari likipanda vizuri, pampu ni nzima na nozeli ni nzima. Hakuna sababu ya kuzifungua. Likiendelea kukata, ugonjwa uko upande wa injini na sasa tunajua pa kuutafuta. Gharama ni mpira, chujio na dizeli ambayo mteja ataitumia hata hivyo. (Usijaribu hivi na petroli.)

Tuseme limepanda vizuri, na ndivyo inavyokuwa mara nyingi. Rudisha mfumo wa gari, weka kipande cha mpira unaoonyesha kabla ya chujio, mwenzako akanyage mafuta wewe ukiangalia. Mapovu yakipita mfululizo kuna hewa inayoingia huko nyuma. Kama hakuna mapovu, tazama kitufe cha kupampu juu ya chujio. Kikandamize mara kadhaa, kisha injini ipandishwe mwendo. Kitufe kikivutwa chini na kikabaki chini badala ya kuinuka chenyewe, kati ya hapo na tangi pameziba.

Na kinachoziba mara nyingi ni pampu ya zamani ya EFI, iliyoachwa ndani ya tangi bila umeme. 3L inalazimika kunyonya dizeli kupitia kwenye kichujio chake laini, kwenye mapanga yake na vali yake. Dizeli ni nzito kuliko petroli, na asubuhi za baridi kule Makete au Njombe inazidi kuwa nzito. Shusha tangi, toa pampu hiyo, weka bomba tupu linalofika karibu na sakafu ya tangi bila kuigusa. Ukishashusha, lioshe, maana kutu na uchafu wa miaka utakufuata.

Tangi la petroli pia lilikuwa linapumua kupitia kopo la mkaa, linalonasa mvuke wa petroli. Petroli ikishaondoka, fundi anaona kopo halina kazi, analitoa na kuziba mpira wake kwa bolti. Vali ya kifuniko ikikwama nayo, tangi halina pa kuvutia hewa. Uache mpira huo wazi, uupandishe juu, mdomo uelekee chini ili maji na vumbi visiingie.

Marejeo ndiyo yanayodharauliwa kuliko yote. Dizeli inayozidi lazima irudi tangini, ikibeba joto na mapovu. Nimekuta yameunganishwa kwa kiungo cha T kwenye mpira wa kuingilia, kwa hiyo hewa inazunguka palepale na dizeli inazidi kuchemka. Nimekuta pia yamebanwa kabisa. Hapo presha ndani ya pampu inapanda, taimingi (wakati wa kupuliza dizeli) inakimbia mbele, na sili ya shafti inaweza kuachia. Kwenye 3L pampu inaendeshwa na mkanda wa taimingi, kwa hiyo dizeli inayotoka kwenye sili hiyo inamwagikia mkanda na kuuozesha.

Kuna na bolti mbili za tundu zinazoshika mipira kwenye pampu. Ukizitazama kwa nje ni mapacha. Ile ya marejeo imeandikwa OUT kichwani, na ukiinyanyua kwenye mwanga utaona tundu lake ni dogo sana. Tundu hilo ndilo linalotunza presha ndani ya pampu. Injini ikishafunguliwa na kufungwa na mikono tofauti, bolti hizo hubadilishana nafasi kirahisi. OUT ikikaa kwenye mlango wa kuingilia, pampu inanyonya kupitia tundu la sindano na upande wa marejeo presha inatoroka. Presha hiyo pia ndiyo inayosukuma pistoni ya taimingi, kwa hiyo injini inakosa mafuta na wakati huohuo inachelewa kuyaunguza. Mtu anaweza kufungua pampu nzima kutafuta ugonjwa huu, na dawa ni spana moja na wosha mpya za shaba.

Kwa injini zilizotolewa kwenye Dyna au Land Cruiser za umeme wa volti 24, soma maandishi kwenye solenoidi ya kuzima injini, ile vali ya umeme inayofungua na kukata dizeli kwenye pampu. Ya volti 24 ikifungwa kwenye gari la volti 12 inaweza kuvuta kwa unyonge, na gari likazima kwenye mashimo kana kwamba mtu amegeuza ufunguo. Pima umeme unaofika pale injini ikiwa inaunguruma.

Haya yote yakiwa sawa na gari bado limekata hata kwenye dumu, sasa fungua pampu na nozeli uzipeleke pamoja. Mwambie fundi pampu ni injini gani, imefungwa kwenye gari gani, linakata wakati gani, na kwamba umeshalijaribu kwa dumu. Akijua hilo hatahangaika kutafuta hewa ambayo wewe umeshaiondoa. Ataanza na mapanga ya kipampu na presha ya ndani.