Nafasi ya mtoto kituoni huanzia kwa mlezi

Jiji likitaka kuongeza nafasi katika vituo vya kulelea watoto mchana, kwa kawaida huanza kuhesabu vyumba. Chumba kinahitajika, lakini nafasi ya kweli ni mlezi aliye karibu na mtoto muda wote kituo kinapokuwa wazi.

Tuchukue watoto 12 walio chini ya mwaka mmoja. Kwa kiwango cha mlezi 1 kwa watoto 4, wanatakiwa walezi 3 kwa wakati mmoja. Wapangaji wengi huishia hapo. Ila kituo kikifunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 12 jioni, hizo ni saa 11, nazo mara 3 ni saa 33 za malezi. Mlezi wa zamu ya saa 8, ukitoa saa moja ya mapumziko, anakaa na watoto saa 7. Ukigawa 33 kwa 7 unapata 4.7, yaani walezi 5, na bado hujaweka wa akiba mmoja akiugua. Kituo kilichoajiri 3 kitaonekana kimetimia saa 4 asubuhi. Ikifika saa 11 jioni, vyumba vimeunganishwa na mlezi mmoja amebaki na watoto wote.

Upungufu huo hujitokeza mapema kwenye meza ya kubadilishia nepi. Mlezi huandaa vifaa kwanza, haondoi mkono juu ya mtoto, humfuta kutoka mbele kwenda nyuma, kisha hunawa kwa sabuni, humnawisha mtoto na kusafisha meza. Muda wote huo anamsemesha. Mtoto akitoa sauti, anamngoja amalize, ndipo anamjibu. Lugha inajengwa hapa kuliko kwenye mabango ya herufi ukutani. Mlezi aliyeelemewa na watoto 9 ananyamaza na kuacha kunawa, na kuhara kunaenea chumbani. Halafu runinga inawashwa, ingawa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2019 haushauri kabisa skrini kwa mtoto wa chini ya miaka 2.

Ruzuku nayo ina mtego wake. Ikiwa sawa kwa kila mtoto, vituo vitapokea wa miaka 4, maana mlezi mmoja anaweza kuhudumia hadi 10, na mzazi mwenye mtoto wa miezi 6 atakosa pa kumwacha. Ipangwe kwa umri, tena ilipwe kwa uandikishaji badala ya mahudhurio: mtoto akiugua wiki nzima, mshahara wa mlezi haupungui.

Wanaolea watoto majumbani wasifungiwe kwa kukosa cheti tu, kwani wataendelea kwa kificho. Wasajiliwe kwa hatua. Kwanza yale yasiyosubiri: maji safi, choo, mlango wa kutokea usiozibwa, dawa na kemikali zilizofungiwa, mtoto mchanga kulazwa chali kwenye godoro gumu lisilo na mito. Mafunzo ya malezi na vifaa vya michezo vifuate, kwa gharama ya jiji.