PhD ya betri: kabla hujagundua kitu, tengeneza seli kumi zinazofanana

Vijana wenye digrii za kemia na fizikia wanatuandikia sana hapa maabara ya betri, wanataka kuja kusoma PhD wagundue betri isiyoisha chaji. Nia nzuri, ila tuseme ukweli, mwaka wa kwanza maabara hugundui chochote. Unafundishwa kutengeneza seli, yaani kibetri cha duara kama kile cha rimoti ya gari, milimita 20 upana na 3.2 unene, ukimaliza unatengeneza kingine, na kingine tena, mpaka kumi zikipimwa zitoe majibu yanayofanana. Hapo ndo watu wanatoka jasho.

Kazi yenyewe inafanyika ndani ya boksi la kioo lililojaa agoni, gesi isiyochangamana na kitu, mikono unaipitisha kwenye glavu nene za mpira zilizofungwa kwenye boksi, na unyevu humo ndani unatakiwa usizidi sehemu moja kwa milioni. Maana ile chumvi ya lithiamu inayotumika sana kwenye elektrolaiti (kile kimiminika kinachopitisha chaji ndani ya betri), LiPF6, ikikutana na maji inatoa asidi kali ambayo inaitafuna betri kutoka ndani. Basi unashika kibano, unaweka kikombe cha chini, kipande cha lithiamu, karatasi nyembamba ya plastiki ya kutenganisha, matone kadhaa ya elektrolaiti, kathodi (upande chanya wa betri), springi, kifuniko, unabana na mashine. Kathodi ikikaa upande kidogo tu grafu inakuja ya ajabu. Kuna mwanafunzi alikaa wiki mbili anashangilia kimoyomoyo kwamba kapata kitu kipya, kumbe kila seli alikuwa anaitilia elektrolaiti kwa kukadiria, kama mtu anayetia mafuta ya kupikia.

Mtu atasema sasa huo si ufundi tu, sayansi iko wapi? Ngoja tupige hesabu. Betri ya simu yako upande mmoja ina grafaiti, ambayo gramu moja inabeba chaji ya milliampia-saa 372. Ukiitoa ukaweka lithiamu yenyewe unapata 3,860, yaani mara kumi, ndo maana kila mtu anaikimbilia. Shida yake, ukichaji haraka inaota miiba midogo midogo, miiba ikifika upande wa pili ni shoti, na shoti ni moto. Halafu kila ukichaji kuna lithiamu kidogo inapotea. Chukua seli isiyo na akiba ya lithiamu: ikirudisha asilimia 99.9 ya lithiamu kila mzunguko wa kuchaji na kutumia, baada ya mizunguko 500 umebaki na kama asilimia 60. Ikirudisha 99.99 umebaki na 95. Tofauti ya betri ya kutupa na betri ya kuuza iko kwenye hiyo tisa moja ya mwisho, sasa kama seli yako ya leo haifanani na ya jana hiyo tisa utaionea wapi?

Na betri haiharakishwi. Mizunguko 500, kuchaji saa 2 na kuitumia saa 2, ni saa 2,000, siku 83 mashine inakula umeme wewe unasubiri. Hata historia yake ni ya kusubiri: kathodi ya lithiamu na kobalti, maabara ya mwanasayansi John Goodenough pale Oxford iliitoa 1980, Sony wakaingiza betri ya lithiamu-ioni, aina iliyomo kwenye simu yako, sokoni 1991, Nobeli ikaja 2019 mzee ana miaka 97.

Kwa Ulaya njia moja ya kuingilia ni mitandao ya PhD ya Marie Skłodowska-Curie (Doctoral Networks), mpango wa Umoja wa Ulaya. Haichagui uraia, unaajiriwa kwa mkataba, nafasi zinatangazwa kwenye EURAXESS, tovuti ya ajira za watafiti Ulaya, sharti linalowakwamisha wengi ni kwamba nchi unayokwenda usiwe umekaa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 kabla ya kuajiriwa. Unaweza pia kupelekwa kampuni kwa muda, nenda tu usisite, kule kathodi inapakwa kwenye karatasi ya alumini mita kwa mita na unga wako wa kathodi uliofanya maajabu kwenye kibetri cha rimoti unaweza kuanza kupasuka ukikauka.

Ukitokea kwetu kuna jambo lingine la kulijua mapema. Kobalti nyingi ya dunia inatoka Kongo, maeneo ya Kolwezi, na sehemu kubwa ya utafiti wa sasa, betri za sodiamu zikiwemo, lengo lake mojawapo ni kuachana na hiyo kobalti. Mimi sioni kama hiyo ni sababu ya kukaa pembeni, bora uwepo kwenye meza wanapoamua.

Kwenye usaili tunapenda kuuliza jaribio lako gani liliharibika. Wengi wanajibu hakuna. Juzi mmoja akasema seli sita kati ya nane zilimfia, akachukua kalamu akachora grafu za zile sita, na kila moja akaeleza anavyodhani ilikufaje. Tukasahau kuangalia saa.