Sponji haichuji kelele ya AC ya gari

Jumamosi nimechomoa sponji nyingine. Kipande cha godoro, ukubwa wa ngumi, kimesokomezwa kwenye njia ya hewa nyuma ya dashibodi ya gari la dada mmoja anayetoka Mbagala kwenda Posta kila siku. Malalamiko yake: akifika Mtoni hewa inakata, akizima AC dakika kumi inarudi. Nikamwonyesha kile kipande. "Fundi aliniambia kinapunguza kelele, kaka." Hiyo ni ya tatu mwezi huu, na nimechoka kuieleza kwa mtu mmoja mmoja.

Wanaoweka sponji wanaiona kama chujio la chai, kwamba hewa itapita na kelele itabaki. Inayobaki ni hewa. Mngurumo wa feni, tuseme wa hezi 200, una wimbi la urefu wa mita 1.7, na sponji ya sentimita tano hailisumbui wimbi la namna hiyo. Inachopunguza ni sauti nyembamba za juu, kwa hiyo siku ya kwanza mwenye gari anaridhika na fundi analipwa.

Gharama inakuja baadaye. Feni iliyobanwa inasukuma hewa kidogo, mzigo wa mota unapungua, nayo inazidi kuzunguka na sauti inakuwa kali. Ziba mdomo wa mashine ya kufyonza vumbi utaisikia sauti hiyo hiyo. Rezista inayogawa spidi za feni imewekwa makusudi kwenye mkondo wa hewa ili ipoe. Hewa ikipungua, inaungua, na kwenye magari mengi unabakiwa na spidi ya mwisho peke yake, yaani kelele yote, muda wote. Evaporeta nayo, yaani kile kipozeo kinachopoza hewa ya AC, ikikosa hewa ya kuipasha, unyevu wa hapa Dar unaganda juu yake. Gari la yule dada lilikuwa limefikia hapo: barafu inaziba, akizima inayeyuka, akiwasha inaanza upya.

Kelele ya upepo inafuata kasi ya hewa, na inaifuata kwa ukali. Kasi ikipanda mara mbili pale kwenye matundu ya kutolea hewa, sauti inaongezeka takriban desibeli (kipimo cha ukali wa sauti) 15 hadi 18. Kwa hiyo yule anayefunga matundu mawili ili "AC itulie" anailazimisha hewa kutoka kwa kasi kwenye mawili yaliyobaki. Fungua yote manne, shusha feni kutoka tatu hadi mbili. Feni ikipungua spidi kwa moja ya tano, unapoteza moja ya tano ya hewa na sauti inashuka karibu desibeli tano. Sijaona dawa ya bei nafuu kuliko hiyo.

Kuna wanaoniambia, basi tuibandike sponji ukutani mwa njia badala ya kuziba katikati. Hao wamekaribia ukweli, lakini naomba wapige hesabu kwanza. Chukua njia ya milimita 50 kwa 50. Bandika sponji ya milimita tano pande zote nne. Imebaki 40 kwa 40. Eneo limeshuka kutoka 2,500 hadi 1,600, zaidi ya theluthi imekwenda. Ukitaka hewa ile ile, lazima ikimbie kwa kasi ya takriban mara moja na nusu ya ile ya mwanzo, na kelele ya upepo itapanda karibu desibeli kumi. Umenunua sponji na gundi, umefungua dashibodi siku nzima, kisha umeongeza kelele. Kubandika kunafaa mahali penye upana, hasa kwenye boksi la kuingizia hewa miguuni pa abiria wa mbele. Ukibonyeza kitufe cha kuzungusha hewa ya ndani, boksi hilo linafungukia ndani ya gari, na mngurumo unakufikia moja kwa moja. Weka sponji yenye vinyweleo wazi kwenye kuta zake tu, mdomo usiguswe.

Hata hapo sina raha kamili. Baada ya evaporeta sibandiki kitu kabisa, kwa sababu unyevu ukishika sponji inaoza na gari linanuka. Kabla ya evaporeta pana ukavu kiasi, ila gundi ndiyo inayonitia wasiwasi. Gari likishinda juani Kariakoo kutwa, kipande kikibanduka kitamezwa na feni. Kwa mteja anayelalamikia mngurumo mdogo tu, namshauri aache.

Na kabla ya yote hayo, fungua feni uitazame. Gari linalolala chini ya mwarobaini huwa na vijani vilivyopenya chini ya kioo cha mbele hadi kwenye mapanga. Kijiti kimoja kinatosha kutikisa dashibodi nzima. Filta iliyojaa vumbi badilisha, usiitupe ukaacha tundu wazi. Beringi ikilia, mota mpya.

Gari la yule dada lilikuwa na majani matatu na filta nyeusi. Kazi ya nusu saa. Feni ikiwa kwenye mbili, tuliongea ndani ya gari bila kupaza sauti.