Mhitaji si mnunuzi: mauzo ya magari yanapima nini

Takwimu za magari zikitoka tu, redioni nasikia kauli ileile: mauzo yameshuka, maana yake wananchi hawahitaji magari. Nimeisikia tena juzi, na safari hii nimeona niandike.

Maana ya takwimu hizo ni fupi. Mauzo ya magari ni kiashiria cha uchumi, yaani dalili ya hali ya uchumi ilivyo, kwa kuwa gari ni kitu cha bei kubwa, mara nyingi cha mkopo, na kinaweza kungoja. Unga hauwezi kungoja. Gari la zamani unalipeleka kwa fundi, anabadilisha bushi na plagi, unasogea nalo mwaka mwingine. Kwa hiyo watu wakianza kuiogopa kesho, yadi za magari huwa za kwanza kupoa.

Tatizo liko kwenye neno "mahitaji". Neno kuhitaji tumelipata kutoka Kiarabu, mzizi mmoja na "haja", na kwetu mhitaji ni mtu aliyepungukiwa. Tunawachangia wahitaji, tunawaombea wahitaji. Wanauchumi wakasema "ugavi na mahitaji", ugavi ukiwa bidhaa zinazoletwa sokoni, na hapo neno likageuka: mwenye mahitaji kwao ni mwenye nia pamoja na pesa ya kulipa kwa bei iliyopo. Waarabu wenyewe hapo hawatumii haja, husema talab, yaani kutaka, kudai. Mzizi huohuo ndio uliotupa "matilaba". Sisi tulichukua neno la upungufu tukalibebesha kazi ya uwezo, kisha tunashangaa watu wakichanganyikiwa.

Simama kwenye yadi yoyote ya Ngong Road, Nairobi. Mtu anafungua mlango wa Probox, anakaa, anashika usukani, anageuka kuangalia kama mzigo wa duka lake utaenea nyuma. Anauliza bei. Anafunga mlango polepole, anavuka barabara kungoja matatu. Haja anayo, tena kubwa. Kwenye takwimu hayumo.

Mwaka 2023 Kenya ilipandisha ushuru wa forodha wa magari yanayoagizwa kutoka asilimia 25 hadi 35, na dola iliyoanza mwaka kwa takriban shilingi 123 ikaumaliza karibu na 157. Mtu yule bado alikuwa na mzigo uleule wa kubeba. Bei ndiyo iliyomkimbia.

Hata mauzo yenyewe si mahitaji. Marekani mwaka 2021 mauzo ya magari mapya yaliporomoka katikati ya mwaka, na mtu angeweza kudhani wanunuzi wametoweka. Wanunuzi walikuwepo na pesa mkononi. Viwanda ndivyo vilivyokosa chipu za kielektroniki, magari hayakutengenezwa ya kutosha. Walioyakosa wakakimbilia yaliyotumika, na kufikia Juni bei za hayo zilikuwa zimepanda kwa asilimia 45 ndani ya miezi 12. Mauzo yalishuka kwa sababu ya uhaba wa ugavi.

Basi, ndugu mtangazaji, mauzo yakishuka sema "mauzo yameshuka" na uishie hapo kwanza. Kisha tazama bei. Zikishuka pamoja na mauzo, huenda ni wanunuzi waliopungua. Mauzo yakishuka huku bei zikipanda, tafuta kwanza bandarini, kwenye ushuru na viwandani. Na "hawahitaji" tuliache kabisa; "hawamudu" lipo, ni la Kiswahili, na mara nyingi ndilo la kweli.