Je, Wajua? Tanzania Ina Katikati, Ulimwengu Hauna

Mwaka 1973, TANU ilipoamua makao makuu ya serikali yahamie Dodoma kutoka Dar es Salaam, hoja mojawapo kubwa ilikuwa mahali mji ulipo: katikati ya nchi, ambapo mtu wa Kigoma na wa Mtwara, wa Bukoba na wa Tanga, wote wangefika bila mmoja kuumia sana kwa safari. Hoja hiyo inaeleweka. Lakini ukiuliza ilijulikanaje kwamba hapa ndipo katikati, jibu ni moja tu: watu walitazama mipaka. Walianza na Ziwa Tanganyika magharibi, Bahari ya Hindi mashariki, Namanga na Sirari kaskazini, mto Ruvuma kusini, kisha wakatafuta panapolingana. Ndiyo maana wapo wanaobisha mpaka leo kwamba kitovu chenyewe kiko magharibi zaidi, huko Manyoni mkoani Singida. Ukihesabu maji ya maziwa au usipoyahesabu, ukijumlisha visiwa au ukiviacha, alama inasogea. Mpaka ukihama, katikati nayo inahama. Na pasipo na mpaka, hakuna pa kuanzia kupima.

Nimeanza hapo kwa sababu swali la kama ulimwengu una katikati huulizwa mara nyingi kana kwamba jibu linangoja darubini kubwa zaidi. Halingoji. Yanayojulikana yanatosha kulijibu: hatuna dalili yoyote kwamba ulimwengu una kitovu, na tuna sababu nzito za kuamini kwamba hauna. Sababu hizo, kwangu mimi, ni tamu kuliko jibu lenyewe.

Kwa karne nyingi wataalamu wa nyota walimfuata Klaudio Ptolemaio, aliyeiweka dunia katikati na jua likiizunguka. Mwaka 1543 kitabu cha Nicolaus Copernicus kikaliweka jua mahali pa dunia. Mwaka 1918 Mmarekani Harlow Shapley, kwa kupima mahali vilipo vishada vikubwa vya nyota, akaonyesha kwamba hata jua letu halipo katikati ya galaksi yetu, yaani lile kusanyiko kubwa la nyota tulimo, liitwalo Njia Nyeupe. Liko pembeni mbali. Leo tunajua umbali huo ni takriban miaka 26,000 ya nuru, yaani mwanga uliotoka kule umesafiri miaka 26,000 hadi kutufikia.

Kitovu hicho cha galaksi kina mahali pake, na watu wa Dodoma wamependelewa kuliko walio wengi wa Ulaya na Marekani, ambao huona sehemu hiyo ya anga ikiwa chini karibu na upeo wa macho. Mwezi wa nane mvua hakuna na mawingu ni machache. Toka nje ya mji ukaepuke taa, upande wa Bahi au Chamwino, halafu saa tatu usiku geukia kusini na uinue macho juu sana, karibu utosini. Utaona mkanda mweupe wa Njia Nyeupe ukinenepa kuliko kwingine kote. Hapo ni kwenye kundinyota la Mshale, na nyuma ya mavumbi ya anga yanayoonekana kama madoa meusi ndani ya mkanda huo kuna shimo jeusi, yaani kitu chenye mvutano mkali kiasi kwamba hata mwanga hauchomoki, lenye uzito wa majua milioni nne hivi. Picha yake ya kwanza ilitolewa Mei 2022. Nyota za galaksi yetu zinakizunguka kitovu hicho, na jua letu nalo linazunguka pamoja nasi.

Basi galaksi ina katikati. Mfumo wa jua nao una katikati. Mtu akitarajia ulimwengu wote uwe hivyo, hajakosa akili. Amefuata tu mtiririko. Mtiririko huo ulikatika mwaka 1929.

Mwaka huo mtaalamu wa nyota Mmarekani Edwin Hubble alichapisha vipimo vya galaksi zilizo nje ya yetu. Mwanga wa nyingi kati yake ulikuwa umevutika kuelekea rangi nyekundu, dalili ya kwamba zinatuacha, na kadiri galaksi ilivyo mbali ndivyo inavyokimbia kwa kasi zaidi. Padri Mbelgiji Georges Lemaître alikuwa ameshafikia wazo hilo mwaka 1927 kwa kutumia hesabu za Einstein. Kwa vipimo vya sasa, kila unapoongeza umbali wa miaka milioni moja ya nuru, kasi inaongezeka kwa kilomita 20 na kitu kwa sekunde. (Majirani wa karibu hawafuati sheria hii. Galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka milioni 2.5 ya nuru, inakuja kwetu kwa sababu mvutano kati yake na yetu una nguvu kuliko huko kukimbiana.)

Kila kitu kinatukimbia, pande zote! Mtu akisikia hivyo haraka husema: kumbe sisi ndio katikati. Hapa ndipo panapohitaji utulivu, na reli ya kati itatusaidia.

Chukua vituo vinne kwa mpangilio wake: Dodoma, Bahi, Manyoni, Itigi. Kwa ajili ya hesabu tuseme kila kimoja kiko kilomita 50 kutoka kinachofuata, na tuseme pia reli hii haina mwisho upande wowote. Sasa reli yenyewe irefuke, kila kipande mara mbili, kwa muda wa saa moja. Hakuna kituo kilichong'olewa. Ni reli iliyo kati ya vituo ndiyo iliyoongezeka. Mkuu wa kituo cha Dodoma anapima. Bahi ilikuwa kilomita 50, sasa ni 100: imekimbia kwa kilomita 50 kwa saa. Manyoni ilikuwa 100, sasa ni 200: kilomita 100 kwa saa. Itigi ilikuwa 150, sasa ni 300: kilomita 150 kwa saa. Cha mbali kinakimbia zaidi, sawasawa na alichokiona Hubble, na mkuu wa kituo ana kila sababu ya kuandika kwenye daftari kwamba Dodoma imetulia na vingine vyote vinaikimbia.

Mpigie simu mwenzake wa Manyoni. Yeye anasema Bahi imemkimbia kwa 50, Itigi kwa 50, Dodoma kwa 100. Kwenye daftari lake Manyoni ndiyo iliyotulia. Ukienda Itigi utakuta habari ileile. Wote wamepima vizuri na hakuna aliyekosea, lakini ukizipanga taarifa zao zote mezani hutapata hata moja inayokuonyesha kituo ambacho urefukaji ulianzia. Haukuanzia kituo chochote. Umetokea kwenye kila mita ya reli kwa wakati mmoja.

Huo ndio utanukaji wa ulimwengu, ila kwa pande zote badala ya mstari mmoja. Galaksi hazirushwi kupita kwenye uwazi. Uwazi ulio kati yake ndio unaoongezeka. Nyumba zetu, miili yetu na dunia havitanuki, kwa kuwa vimeshikwa na nguvu kubwa zaidi.

Wengi wakisikia habari za Mlipuko Mkuu (Big Bang), yaani mwanzo wa utanukaji huu miaka bilioni 13.8 iliyopita, huona akilini bomu: mahali fulani penye giza, kitu kikapasuka, vipande vikatawanyika. Ingekuwa hivyo, katikati ingekuwepo, na tungeweza kunyoosha kidole. Lakini tukirudisha ile hesabu nyuma, umbali kati ya kila kitu na kila kitu unapungua pamoja. Mlipuko Mkuu ulitokea kila mahali. Ulitokea hapa Dodoma, maana nafasi hii iliyopo hapa ilikuwa sehemu ya hali ile ya joto na msongamano, na ulitokea kwenye galaksi ya mbali kabisa vilevile.

Ushahidi wake ulipatikana bila kutafutwa. Mwaka 1964, huko Holmdel, New Jersey, wanasayansi Arno Penzias na Robert Wilson walikuwa wakitumia antena kubwa ya redio yenye umbo la pembe. Kulikuwa na mvumo mdogo usiokoma. Walielekeza antena huku na kule, usiku na mchana, majira yakabadilika, mvumo uleule. Ndani ya antena walikuta njiwa wamejenga kiota. Wakawaondoa, wakasugua kinyesi chao. Mvumo ukabaki. Ulikuwa mwanga wa zamani kuliko wote, ulioachiliwa ulimwengu ulipokuwa na umri wa miaka 380,000 hivi, ukavutika njiani hadi kuwa mawimbi ya maikrowevu yenye baridi ya nyuzi takriban 270 chini ya sifuri. Walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1978. Mtu aliyekuwa na televisheni kabla ya ving'amuzi ameuona mwanga huo kwa macho yake: sehemu ndogo ya zile chenga zilizojaa kwenye kioo stesheni ikikosekana ilitokana nao.

Kinachohusu swali letu ni kwamba mwanga huo unatoka pande zote kwa ulinganifu wa ajabu. Ukiondoa athari ya mwendo wetu wenyewe, maana jua linasafiri kwa takriban kilomita 370 kwa sekunde kuelekea upande wa kundinyota la Simba, tofauti za joto zinazobaki ni kama sehemu moja kwa 100,000. Lile bomu la akilini lingetuonyesha upande wa moto na upande wa baridi. Hakuna upande kama huo. Galaksi nazo, zikihesabiwa katika maeneo mapana sana, zimetapakaa kwa namna moja kote.

Je, nje ya hayo yote hakuna ukingo? Wanasayansi wana uwezekano mkubwa wa aina mbili. Ulimwengu unaweza kuwa hauna mwisho kabisa, na kisicho na mwisho hakigawanyiki nusu kwa nusu. Au unaweza kuwa na ukubwa maalumu lakini umejikunja, hata ukienda mbele moja kwa moja ungerudi ulikotoka bila kugonga ukuta wowote. Kwa vyovyote vile mpaka wa kupimia haupo.

Kuna katikati moja tu inayokubalika. Kwa kuwa mwanga umekuwa na miaka bilioni 13.8 tu ya kusafiri, na njia imekuwa ikirefuka wakati wote huo, tunaweza kuona hadi umbali wa takriban miaka bilioni 46 ya nuru kila upande. Eneo hilo tunaloliona ni duara, na sisi tuko katikati yake barabara. Lakini aliye kwenye galaksi nyingine, kama yupo, naye ana duara lake la ukubwa uleule, yeye akiwa katikati, na ndani yake kuna galaksi ambazo mwanga wake haujawahi kutufikia.