Chuo cha sheria na wanafunzi wa LGBT (mashoga, wasagaji na wenzao): yanayosemwa Kigoma na ukweli wenyewe

Mdogo wangu kapata nafasi ya kwenda kusoma sheria Afrika Kusini, na tangu habari ifike sokoni Mwanga pale mama mdogo anapouzia migebuka, kila mtu ana neno. Kule watamfundisha ushoga. Kule lazima asaini. Akikataa wanamfelisha. Mama mdogo kanipigia saa nne usiku anauliza, mwanangu, ni kweli? Maana kwenye ukoo mimi ndo niliyesoma sheria. Nikaona nisimjibu juu juu, niandike kabisa, na humu nitaweka na jambo langu ambalo nimekaa nalo miaka saba sijamwambia mtu.

Dhana: Sheria yetu inasema shoga ni mhalifu, kwa hiyo chuo hakina cha kumsaidia

Hii naisikia mpaka kwa watu wenye digrii ya sheria, na inaniuma kwa sababu kifungu kipo wazi ukikisoma. Kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinaadhibu tendo, kumwingilia mtu kinyume cha maumbile, na adhabu ni nzito kweli kweli, kuanzia miaka 30 mpaka maisha, na kinamgusa hata mwanaume anayemfanyia hivyo mwanamke. Kifungu cha 157 kinahusu vitendo vya aibu kati ya wanaume, mpaka miaka 5. Sasa nionyeshe kifungu kinachosema kuongea kwa sauti laini ni kosa, au kufika mwaka wa tatu huna demu ni kosa. Hakipo. Tendo linathibitishwa mahakamani bila kuacha shaka, na Katiba ibara ya 13(6)(b) inakataza hata yule aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika, na mwanafunzi anayesemwa hosteli kuwa ni shoga hata kushtakiwa hajashtakiwa, kasemwa tu.

Sifichi, sheria ipo na mtu akija kuniuliza namwambia hatari yake yote, simpaki mafuta kwa mgongo wa chupa. Ila ibara ya 12(2) inasema kila mtu anastahili heshima ya kutambuliwa na kuthaminiwa utu wake. Wameandika kila mtu.

Dhana: Ukijua mwenzako yuko hivyo ukanyamaza, na wewe una kesi

Kuna wanaonijibu kwa kifungu cha 7 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kwamba anayejua kosa atoe taarifa. Sawa, kipo. Lakini kinazungumzia kosa lililotendeka au linalotaka kutendeka, hakizungumzii tetesi, na taarifa inapelekwa polisi au kwa kiongozi wa eneo, haipelekwi kwenye grupu la WhatsApp la darasa.

Nikiwa mwaka wa pili, chuo sikitaji, tulikuwa na kijana kwenye diskasheni yetu, mpole, na kwenye sheria ya ardhi hakuna aliyemfikia, sisi wote tulipona supu, yaani mtihani wa marudio, kwa daftari lake. Siku moja asubuhi ikaingia skrinshoti ya meseji zake na mtu, nani kaitoa sijui mpaka leo, na ndani ya dakika kumi watu mia na kitu wameiona. Yeye hakujua. Akaingia darasani kama kawaida, akakaa safu ya tatu, na benchi lote likanyanyuka. Nakumbuka ile sauti ya benchi, lilikuwa la mbao na mguu mmoja mbovu, likapiga sakafu, yeye akageuka anacheka akidhani tunamtania. Mimi nilikuwa nimekaa mkono wake wa kulia. Nikanyanyuka na mimi.

Wiki ile alianza kupokea simu za mtu anataka laki tatu la sivyo anampelekea baba yake. Hapo ndo nataka watu waelewe, kwenye stori hii makosa ya jinai yaliyokuwa yanaonekana kwa macho yalikuwa ya wale wengine. Kumtishia mtu umtoe hela ni kosa. Kumnyanyasa mtu mtandaoni ni kosa chini ya kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, faini si chini ya milioni 5 au jela si chini ya miaka 3 au vyote. Kumpiga ni kosa. Tulikuwa darasa zima la sheria na hakuna aliyemwambia hayo, na ofisi ya mshauri wa wanafunzi alipoenda aliulizwa kwanza kama ni kweli yuko hivyo, badala ya kuulizwa nani anakutishia. Hakufanya mtihani. Alipanda treni akaondoka.

Dhana: Haya mambo ni ya wazungu

Hapa Kigoma ndo pazuri pa kuijibu hii. Kaa Kibirizi uangalie ziwa. Ng'ambo kule ni Kongo, na sheria yao ya jinai haina kifungu kinachotaja mapenzi ya jinsia moja kuwa kosa, ingawa katiba yao ya 2006 inasema ndoa ni ya watu wa jinsia mbili. Panda kaskazini kidogo Burundi, wao waliweka kosa hilo 2009, mpaka miaka 2. Na sisi? Kanuni yetu ya Adhabu ni ya Mwingereza, 1930, maneno yake mengi chimbuko lake ni kanuni ya Queensland kule Australia ya 1899. Huyo Mwingereza kwake Uingereza na Wales akaanza kulifuta kosa hilo 1967. Botswana mahakama kuu ikafuta 2019 na rufaa ikakubaliana 2021, na aliyefungua kesi alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu, Mmotswana, si mzungu.

Dhana: Ni ugonjwa, wapelekwe wakatibiwe

Shirika la Afya Duniani liliutoa ushoga kwenye orodha ya magonjwa 17 Mei 1990. Hapa sina cha kuongeza.

Dhana: Vyuo vya sheria vya nje vinalazimisha wanafunzi wawe hivyo

Mama mdogo, hii ndo yako. Katiba ya Afrika Kusini ya 1996, kifungu cha 9, inakataza ubaguzi kwa mwelekeo wa kimapenzi, na kifungu hichohicho kinakataza ubaguzi wa dini, kwa hiyo mdogo wangu na swala zake tano yumo humohumo. Msaada ambao vyuo vya kule vinauzungumzia kwa wanafunzi hawa ni mtu wa ushauri nasaha anayetunza siri, sehemu ya kupeleka malalamiko ukionewa, na chama cha wanafunzi ambacho unaingia ukitaka. Hakuna anayesaini kitu. Na mmoja wa majaji wa Mahakama ya Katiba kule, Edwin Cameron, alisema hadharani kuwa ni shoga na anaishi na virusi vya ukimwi, akakaa kwenye kiti kile 2009 mpaka 2019 na hukumu zake zinasomwa.

Ukweli ni kwamba kuna mvutano na dini, na hauishi kirahisi. Marekani 2010 chama cha wanafunzi Wakristo kwenye chuo cha sheria cha Hastings kilitaka kitambuliwe rasmi huku kikikataa baadhi ya wanafunzi, mashoga wakiwemo, Mahakama ya Juu ikasema kwa majaji 5 dhidi ya 4 kwamba chuo kina haki ya kutaka vyama vyake vipokee wote. Kukutana hawakukatazwa, walichokosa ni utambulisho na ruzuku. Kanada 2018 chuo cha Kikristo cha Trinity Western kilitaka kufungua shule ya sheria yenye kiapo cha maadili kwamba mapenzi ni ya ndoa ya mwanaume na mwanamke tu, baadhi ya vyama vya mawakili vikagoma kuitambua, na Mahakama ya Juu ikawaunga mkono. Mimi nilivyozisoma sikukubaliana na kila mstari, lakini wamebishana kwa hoja na hakuna aliyenyanyua benchi.

Dhana: Wakili anayewatetea na yeye ni walewale

Mbona anayemtetea mwizi hatumwiti mwizi. Siri ya mteja kwa wakili wake inalindwa na sheria ya ushahidi, na mwanafunzi asiyeweza kutunza siri ya mwenzake wa chumba sijui ataitunzaje ya mteja. Hofu naielewa lakini, Oktoba 2017 Dar es Salaam watu 13 walikamatwa hotelini kwenye kikao cha kujadili kesi ya kupinga kufungwa kwa vituo vya huduma za ukimwi, mawakili wakiwemo, na wageni wakafukuzwa nchini. Kwa hiyo simwambii mtu ni kazi nyepesi.

Mama mdogo nimemsomea yote haya jana kibandani kwake, akawa anageuza samaki huku anasikiliza, mwisho akauliza kitu kimoja tu, yule mtoto wa watu aliyepanda treni, mama yake anajua alipo? Sikuwa na jibu.

Ndugu yangu, kama unasoma hapa unajijua. Daftari lako la sheria ya ardhi lile la jalada la kijani ninalo, liko Kigoma, halijachanika hata ukurasa. Na siku ile nilinyanyuka. Nisamehe.